Jim ya ghorofani Mwanjelwa: ukitaka kutoa mafuta nenda, ukitaka kukonda tu baki nyumbani

Kwa wenye haraka: kama uko Mbeya mjini na shida yako ni kitambi na nyama uzembe, hii jim nenda. Ila nenda kwa ajili ya kile chumba cha nyuma chenye vyuma na yule kocha wa asubuhi, hivyo vingine ni vya kawaida na baadhi vinakera kabisa, ntafika huko. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Jina siandiki maana nina ya kuwasema na sitaki maneno na mtu.

Watu wengi wakisifia jim utasikia mashine mpya, muziki mzito, kiyoyozi (kiyoyozi Mbeya hii cha kazi gani jamani, Juni yenyewe tunalala na mablanketi mawili). Mi jim naipima kwa swali moja tu, mtu akipungua pale anapungua nini? Maana mzani wa kawaida unakupa jumla, mafuta humo, misuli humo, maji humo, mifupa humo na ugali wa jana usiku humo humo, vyote namba moja. Ukishuka kilo sita haukwambii kama ulichotoa ni kitambi au ni yale mapaja yaliyokuwa yanakupandisha ngazi.

Na huku sokoni tumeliona kwa macho. Mwenzangu mmoja tunauza naye jirani alikata chakula, asubuhi maji ya limao na tangawizi, mchana kabichi, usiku kabichi tena, na kweli alishuka kwa kasi, wiki ya kwanza tu tukawa tunamshangilia. Baadae mashavu yakaingia ndani, mikono ikawa myembamba, mifupa ya shingo ikatoka, na tumbo likabaki pale pale limelegea, na mnajua mtaani kwetu ukikonda hivyo hakuna anayekuuliza dayati gani, wanaulizana pembeni anaumwa nini. Mzigo aliokuwa anausogeza mwenyewe akawa anaita kijana. Aliporudi kula kama zamani kilo zikarudi bila hodi, ila zilirudi kiunoni, mikono ilibaki ile ile myembamba.

Ile kasi ya wiki ya kwanza yenyewe sehemu kubwa haikuwa mafuta. Mwili unatunza wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya wanga inakaa na kama gramu tatu za maji, kwa hiyo ukikata ugali na wali ile akiba inatumika, maji yake yanatoka, mzani unashuka, unapiga vigelegele na kitambi kimeguswa kidogo tu. Baada ya hapo ndio mafuta yanakuwa sehemu kubwa ya kinachotoka, lakini mwili unamega na misuli, maana misuli isiyotumika inakula chakula bure na mwili uliobanwa hauna huruma na mfanyakazi asiye na kazi. Makadirio yanayotumika sana kwa mtu anayejinyima tu bila mazoezi ya nguvu ni kwamba kama robo ya uzito unaotoka sio mafuta, yani zikitoka kilo nane, mbili ni misuli na maji na vitu vingine ambavyo ulikuwa huvitoi kwa kupenda. Ukishuka kwa pupa na protini hamna inaweza kuzidi hapo. Anayeshuka taratibu, tuseme nusu mpaka asilimia moja ya uzito wake kwa wiki (mtu wa kilo 80 ni gramu 400 mpaka 800), huku anapiga vyuma na anakula protini ya kutosha, huyo sehemu kubwa ya anachotoa ni mafuta kweli.

Sasa jim yenyewe.

Ukimaliza ngazi unakutana na mapokezi, binti mchangamfu tu, nyuma yake kabati la poda na mikanda. Chumba cha mbele ni cha tredimili na baiskeli, zimepangwa zinaangalia dirishani, unakimbia huku unatazama malori ya Tunduma yanapita. Hiki ndio chumba wanachokipiga picha na ndio kinachojaa. Sina ugomvi nacho, moyo nao unataka kazi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini shirika hilo hilo linasema pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hiki kipande cha pili watu wanakiruka kama hawajakisikia. Alafu tuseme ukweli, Mbeya kutembea tunako bure. Mji wote ni mlima, ukitaka moyo udunde toka nyumbani Jumamosi asubuhi uelekee mlima Loleza uone. Hela yangu naitoa kwa kitu ambacho mtaani sina, na hicho ni chuma.

Chumba cha nyuma hakina mvuto. Mpira wa sakafuni umechakaa, kioo kimoja kina ufa, raki mbili za skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), mabenchi, dambeli, mashine ya kuvuta kamba, basi. Kocha wa asubuhi ni kijana wa Tukuyu, watu wazima anawaamkia "mugonile" hata kama hujui Kinyakyusa utajibu tu. Huyu siku ya kwanza hakupandishi kwenye mzani. Anakuuliza una presha, una sukari, umewahi kuumia mgongo, una mtoto mchanga, unafanya kazi gani, unalala saa ngapi, alafu anatoa futi kamba ile ile ya fundi cherehani anakupima kiuno usawa wa kitovu, nyonga, paja na mkono (akina mama anampa futi yule binti wa mapokezi awapime, hilo nimelipenda), anaandika kwenye kaunta buku lake kubwa ambalo kila mwanachama ana kurasa zake. Hiyo futi inasema ukweli kuliko mashine yao ya hela, ule mzani wa kulipia ntakaousema mbele.

Asubuhi moja nilikuwa napumzika benchi nikamtazama anavyomfundisha mama mmoja mtu mzima, kwenye sitini hivi, kajifunga kitenge juu ya traki suti. Kachukua mpini wa fagio kamuwekea mgongoni kwa urefu, unagusa kisogo, katikati ya mabega na makalio. "Mama, sukuma makalio nyuma, fimbo isiachane na mgongo." Mama akainama, mpini ukaachia. "Umeachia mama." "Mwanangu mgongo wangu ndio ulivyo." "Haujazoea tu mama, legeza magoti kidogo, rudia." Akarudia, akarudia, kocha wala hana haraka, mpaka mpini ukatulia sehemu zote tatu kushuka na kupanda, ndio akampa dambeli moja ya kilo nane aishike kwa mikono miwili. Baa, kile chuma kirefu kinachopachikwa pleti za uzito huku na huku, hakumpa siku ile. Akamwambia na mzigo wa nyumbani unauinua hivi hivi, mama akacheka akasema nyumbani kuna wajukuu.

Programu yake haina maajabu na ndio maana naiamini. Siku mbili au tatu kwa wiki, mwili mzima kila siku: skwati, kuinua chuma kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na mwisho kubeba dambeli nzito mkono huu na huu unatembea nazo mpaka ukutani na kurudi. Seti tatu, marudio nane mpaka kumi na mbili, unaacha pale ambapo ungeweza kuongeza mawili hivi na umbo, yani mkao wako wa kuinua, bado zuri. Na usibane pumzi, hasa wenye presha, hilo anapiga nalo kelele. Ukifikisha kumi na mbili kwa seti zote anaandika kwenye buku, siku inayofuata unaongezewa uzito. Hapo ndipo jim nyingi nilizoziona zinaanguka, mtu ana dambeli zake za kilo tatu za rangi ya pinki, mwaka unaisha dambeli ni zile zile, sasa mwili ujenge nini wakati mzigo umeshauzoea zamani?

Na hapa nawalaumu wenye jim, sio kocha. Pleti ndogo kuliko zote walizonunua ni za kilo mbili na nusu, ukiweka moja kila upande tayari ni kilo tano. Kwa mwanaume anayeskwati kilo 80 sio kitu, ila dada anayesukuma baa tupu ya kilo 20 kwenye benchi unampeleka 25 kwa mkupuo, hiyo ni robo nzima ya uzito wake wa mwanzo, lazima akwame na akikwama anakata tamaa anarudi kwenye tredimili. Kocha aliwaomba pleti ndogo wakasema subiri, akaona asisubiri, akaenda kwa mafundi wa kuchomelea Sido wakamkatia vyuma vya kilo moja na robo, kavipima kwenye mzani wa duka la mchele, kavipaka rangi nyekundu. Havijanyooka vizuri na vinagongana kelele ila vimewasogeza akina mama wengi pale kuliko mashine zote za chumba cha mbele.

Tuongee mashine ya hela. Ni ule mzani wa kisasa unapanda miguu mitupu, unashika vishikio, unakutolea karatasi imeandikwa asilimia ya mafuta, kilo za misuli, umri wa mwili na mengine. Shilingi elfu tano kila ukipanda. Unavyofanya kazi unapitisha umeme mdogo sana mwilini, misuli ina maji mengi umeme unapita kirahisi, mafuta yana maji kidogo umeme unapita kwa shida, mashine inapima huo ugumu alafu inapiga hesabu. Kwa hiyo inachokisia ni maji, mafuta inayatafuta kwa kuzunguka. Ukitoka kutokwa jasho, ukishiba, ukinywa lita ya maji, ukiwa kwenye siku zako, namba zinacheza. Ukitaka ikufae panda saa ile ile, asubuhi kabla hujala, baada ya choo, mara moja kwa mwezi inatosha, na uangalie mwelekeo usiishi na namba moja. Pale wao wanakupandisha ukitoka kwenye tredimili unachuruzika! Kuna kaka alipandishwa kabla ya mazoezi na baada, siku hiyo hiyo, karatasi mbili zikapishana mafuta kwa zaidi ya asilimia moja, akaambiwa "umeona, unachoma." Kachoma nini kwa saa moja, hela tu.

Mikanda ya nailoni ya kufunga tumboni usinunue. Inatoa jasho, jasho ni maji, ukinywa glasi mbili limerudi. Na kule kujikunja tumbo mara mia hakuchagui mafuta ya tumbo, kunakomaza misuli iliyo chini yake, mafuta mwili unayatoa unakotaka wenyewe. Bango lao ukutani nalo limetia chumvi, linasema ukijenga misuli utachoma mafuta ukiwa umelala mpaka utashangaa. Kilo moja ya misuli ikiwa imetulia inatumia kama kalori 13 kwa siku, kilo ya mafuta kama nne na nusu. Ukiongeza kilo mbili za misuli hujapata hata kalori za kipande cha mkate. Faida ya misuli iko kwingine: ndio inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, ndio inakuinua kwenye kiti ukizeeka, na kuifanyisha kazi kunasaidia mifupa ibaki imara, ambalo kwa wanawake tuliokaribia kukoma hedhi ni jambo zito kuliko kitambi. Andikeni hayo kwenye bango.

Chakula. Binti wa mapokezi atakuuzia poda kabla hujamaliza kujaza fomu, bei ya kopo moja kwangu ni mtaji. Poda sio sumu, ni protini ya maziwa tu iliyokaushwa, ila Mbeya ukishindwa kupata protini bila kopo basi umeamua mwenyewe. Kipimo kinachofaa kwa anayepungua huku anapiga vyuma ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, na mwenye unene mwingi apige hesabu kwa uzito anaoutaka. Mtu wa kilo 70 ni kama gramu 112. Angalia: mayai matatu gramu 18, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, maziwa nusu lita 16, dagaa wakavu kiganja kizuri, tuseme gramu 30, kama 18, kuku bila ngozi gramu 150 kama 40, hapo una 107 na ugali hujauhesabu. Wenye shida ya figo kwanza muulize daktari, hili msilichukue hewani.

Ugumu wa kwetu mi nauona kwenye sahani ilivyopangwa, ule mlima wa wali wa Kyela alafu maharage vijiko viwili vya kulowanisha. Geuza tu, maharage yawe mengi wali uwe kiasi, mboga za majani zijae, hujakatazwa kitu. Na parachichi, najua tunatoka nchi ya maparachichi na daktari kasema ni mafuta mazuri, ni mazuri kweli, ila tunda moja kubwa linapita kalori 300 na protini yake ni kidogo, ukila mawili juu ya chakula usishangae futi imegoma.

Kwa akina dada wanaoogopa kuwa njemba, pumueni. Homoni inayojaza misuli ya wanaume sisi tunayo kidogo sana, wao wanayo mara kumi na zaidi, wale wanawake mnaowaona mitandaoni wamejengeka vile ni miaka ya kazi na kula kwa ratiba, na wengine wamesaidiwa na sindano. Hapa Mwanjelwa huwi njemba kwa skwati za kilo 30, ondoa shaka. Utakachokiona ni mgongo umenyooka na makalio yamekaa.

Mi kwa kilo nimeshuka kidogo kuliko karibu wote nilioanza nao, nne tu, kuna waliotoa kumi kwa tredimili na njaa wakanicheka. Kiuno kimepungua sentimita tisa. Nilipeleka magauni kwa fundi wangu ayapunguze, akapima akaniambia kiunoni anakata ila mabegani hagusi, mwaka jana angekata kote. Mtu mpya kwenye vyuma anaweza kutoa mafuta na kuongeza misuli kidogo kwa pamoja, ndio maana mzani wake unaonekana umelala wakati nguo zinamdondoka. Na yale maumivu ya misuli ya siku ya pili mwanzoni yapo, ngazi za sokoni utazishuka kinyumenyume, yanapungua baada ya wiki chache.

Malalamiko yaliyobaki nayataja haraka. Bafu halina maji ya moto, na kwa hali ya hewa ya huku hiyo sio kasoro ndogo, Julai watu wanaondoka na jasho lao. Tredimili mbili ni mbovu tangu nimefika na kikaratasi cha "fundi anakuja" kimeshapauka. Jioni kuanzia saa kumi na mbili usiende kama unataka raki, vijana wanaweka simu juu yake wanajipiga video, na kocha wa jioni anakaa mapokezi, ukimuuliza umbo anakwambia "uko vizuri" bila kunyanyua kichwa. Nilishamwona dada anaskwati magoti yanaingia ndani na hakuna aliyemsogelea, mpaka mwenzake akamwambia.

Bei ni elfu hamsini kwa mwezi, kwa siku elfu nne, programu ya kocha wa asubuhi imo humo humo hulipi zaidi. Watakubembeleza ulipe mwaka mzima kwa punguzo, usilipe, lipa mwezi kwanza, uliza kama yule kijana wa Tukuyu bado yupo maana akiondoka na buku lake mi nyota naishusha hadi mbili siku hiyo hiyo. Anafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Njoo na taulo lako, viatu vya soli bapa, na ukikuta geti la chini limefungwa gonga kwa nguvu, mlinzi usingizi wake ni mzito.